Garden Route mwezi wa saba: angalia upepo kwanza, nguo baadae

Tulienda Garden Route, kile kipande cha pwani ya kusini ya Afrika Kusini kinachoanzia mji wa Mossel Bay kwenda mashariki, na kwenye gari letu kulikuwa na kambi mbili. Dada yangu alisikia Afrika Kusini mwezi wa saba ni baridi akabeba koti zito linafika magotini, shemeji yeye alisikia neno pwani tu basi, bukta, fulana na ndala, kwisha habari. Mimi nilibeba vitu vyepesi vingi vya kuvaa kimoja juu ya kingine, na safari nzima hao wawili walikuwa wanachungulia begi langu.

Tulishukia Cape Town tukakodi gari tukashika barabara kuu ya N2 kwenda mashariki, ni kama kilomita 390 mpaka Mossel Bay. Tulipoondoka mvua inapiga kweli kweli, mana Cape Town mvua zake ndo hizo, mwezi wa sita mpaka wa nane, af Desemba na Januari kukavu. Mi nikajua ndo tutalowa mpaka mwisho wa safari. Kumbe ukishapita Swellendam ukaja Riversdale mambo yanabadilika taratibu, unaingia ukanda ambao mvua haina msimu kabisa, inanyesha mwaka mzima, leo kidogo, keshokutwa kidogo, wiki nyingine hakuna. Sisi tuliokulia na masika na vuli tunapenda kuuliza mvua ni mwezi gani, huku hilo swali halina jibu. Kwahiyo jaketi jepesi lisilopitisha maji linakaa begini hata ukienda mwezi gani. Mwavuli acha nyumbani, upepo wa huku utaupindua ubaki umeshika vyuma.

Mossel Bay yenyewe mchana ilikuwa inacheza nyuzi 18 mpaka 20, usiku inashuka kwenye 10 hivi. Hata Januari wastani wa mchana ni kama 25 tu, haichomi kama Dar. Sababu ni bahari, kuna mkondo wa Agulhas unashusha maji ya uvuguvugu kutoka upande wa Msumbiji, unapita hapo mbele, basi pwani hiyo haigandi wala haiungui. Ukisoma hizo namba unaona ah, rahisi. Ila namba hazikwambii kwamba ukikaa kwenye jua nyuma ya ukuta unavua sweta, unakata kona upepo wa kusini magharibi unakupokea na unatafuta kila kitu ulichonacho. Kwetu Kusi ikishika imeshika, miezi inavuma hiyo hiyo, mvuvi anapanga maisha yake. Huku upepo unageuka asubuhi na mchana, na ukigeuka na hali ya hewa imegeuka nao.

Na baridi kubwa haikuwa nje jamani, ilikuwa ndani. Nyumba nyingi zile hazina mfumo wa kupasha joto, sakafu ni vigae, jua likizama chumba kinapoa kuliko barazani. Soksi nzito na nguo za kulalia za mikono mirefu ni muhimu kuliko koti la dada, hilo nasema bila kupepesa. Tulipofikia kulikuwa na blanketi la umeme kitandani, nikawa naliwasha kabla sijaenda kupiga mswaki.

Mama mwenye nyumba, mtu mzima, mchangamfu, alituonya kitu ambacho sikukielewa siku ile. Alisema mkiamka siku mkakuta joto la ghafla msifurahi sana, huo ni upepo wa berg, unashuka kutoka bara juu ya milima, na kadiri unavyoshuka ndo unavyozidi kupata joto na kukauka. Basi tukafika Knysna, katikati ya kipupwe chao, tunaamka joto la Dar, karibia 30, hewa kavu mpaka midomo inapasuka. Shemeji akatoka na bukta yake anatembea kama mshindi. Usiku upepo ukageuka, kesho yake mvua, baridi, na shemeji amevaa sweta langu. Watu wa Knysna joto la hivyo hawalipendi hata kidogo, mwezi wa sita 2017 upepo wa namna hiyo ulisaidia kusambaza moto uliokula nyumba nyingi sana za mji wao. Cha kupaki hapo ni mafuta ya midomo na losheni ya ngozi, havichukui nafasi.

Siku iliyonimalizia begi lote ni tuliyotoka mji wa George kuvuka mlima kwenda Oudtshoorn. Milima ya Outeniqua inazuia mawingu ya bahari, upande wa George kijani na ukungu, ukishapita kilele unashukia nchi kavu kabisa. Tuliondoka alfajiri na jaketi la mvua, kule ng'ambo tukakuta umande umeganda kwenye majani, baridi ya Njombe ile ile, sweta mbili na kofia ya sufu. Saa sita jua kali, fulana. Tukaingia mapango ya Cango, ndani kuna fukuto, unatoka jasho, masweta yote kiunoni. Dada na koti lake hapo hana pa kuliweka, akalibeba mkononi pango zima.

Kwa kutembea miguu, chukua raba zenye meno. Kwenye rasi ya Robberg pale Plettenberg Bay njia inapita juu ya majabali, chini sili wamejazana kwenye mawe (harufu yao inafika kabla hujawaona), na upepo unasukuma mtu. Storms River kwenye daraja la kuning'inia njia ya mbao ilikuwa imelowa, mawimbi yanapiga mwamba chumvi inaruka mpaka usoni, simu niliitia kwenye mfuko wa plastiki. Kitu nilichokitumia kuliko vyote ni kanga. Nilijifunga kichwani upepo ulipozidi, nikaitandika mchangani kwenye ufukwe wa Wilderness, nikajifunika miguu kwenye gari.

Bahari sasa. Mwezi wa saba maji ni nyuzi 15, 16 hivi, wanaoteleza na mawimbi wote wamevaa suti za mpira. Shemeji akajitosa hivyo hivyo, akatoka mbio kuliko alivyoingia. Kiangazi yanafika 21 au 22, ila wenyewe wanasema upepo wa mashariki ukivuma siku mbili tatu unavuta maji ya baridi kutoka chini, unaingia unakuta yamebadilika. Uzuri wa mwezi wa saba ni nyangumi, wanakuja kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi na moja, ukisimama juu kwenye jabali na darubini ndogo unawaona.

Jua linazama saa kumi na moja na nusu jioni na kuchomoza ni baada ya saa moja na nusu asubuhi, kwahiyo panga matembezi mapema, usijiamini kama uko nyumbani. Losheni ya jua beba, ubaridi unakudanganya huku pua inaungua. Soketi zao nyingi ni za pini tatu nene za mviringo, chaja zetu haziingii, nunua adapta uwanja wa ndege ukishuka kama hukupata kabla. Ukienda Desemba toa sweta moja na soksi nzito, ongeza kofia pana na nguo ya kuogelea, jaketi la mvua libaki pale pale. Na chumba uwahi, mana Desemba shule zao zimefungwa na wenyeji wa nchi nzima wanateremkia huko huko.