Old Moshi hadi Arusha: walioitwa mkutanoni na walioachwa nje

Bodaboda iliniteremsha Tsudunyi, Old Moshi, ukungu ukiwa bado umeshika migomba. Watu wengi hupanda huku kuona mahali Wajerumani walipomnyonga Meli, mangi (yaani chifu wa Wachagga), tarehe 2 Machi 1900, kisha wakachukua kichwa chake ambacho ukoo wake unakidai hadi leo. Mimi nilimfuata baba yake, Mangi Rindi, ambaye Wazungu walimwita Mandara. Nafundisha historia sekondari, na nimechoka kumsikia Rindi akitajwa kama mtu aliyetia alama kwenye karatasi akauza nchi. Rindi alikuwa mwanadiplomasia, tena hodari.

Tuchukue mwaka 1885 peke yake. Sultani Barghash wa Zanzibar alimtuma Jenerali Lloyd Mathews Uchaggani, na mamangi, Rindi akiwemo, wakakubali kuwa chini ya bendera ya Sultani. Haukupita muda akafika Karl Jühlke, mtu wa Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa akikusanya mikataba ya kuchukua ardhi, na Rindi akaingia mkataba naye pia. Miaka michache baadaye wajumbe wake mwenyewe walisafiri hadi Ujerumani. Kilichomsukuma kilikuwa karibu zaidi kuliko Berlin: Mangi Sina wa Kibosho alikuwa na nguvu kumzidi, na Rindi alimhitaji kila mgeni mwenye bunduki. Hesabu ya namna hiyo ndiyo iliyofanywa na wafalme wa Ulaya kwa karne nyingi, na wao hawaitwi wajinga.

Mzee mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe pembeni mwa njia alisimama tukasalimiana. Nikamweleza nilichofuata.

"Rindi alijua kusema na kila mgeni, mwanangu," akaniambia, akiegemeza panga kwenye mgomba. "Tatizo, siku ya kugawana hakuitwa."

Mzee alisema kweli. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mpaka kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, na mstari ukapindishwa kuuzunguka Kilimanjaro ili mlima ubaki upande wa Wajerumani. Mangi hakuwepo. Sultani naye, ambaye ardhi yake ndiyo iliyokuwa ikijadiliwa, aliletewa makubaliano ayakubali yakiwa yameshaiva.

Nilishuka hadi stendi ya Moshi, nikapanda Coaster. Boma Ng'ombe, Kikatiti, Usa River, Tengeru. Konda akiita abiria, mimi nikiwaza.

Arusha nilikwenda moja kwa moja AICC, lile jengo la mikutano lenye sehemu tatu, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, lililojengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ile iliyovunjika 1977. Nilikaa ng'ambo ya barabara nikilitazama kwa muda mrefu. Humu mjini, kuanzia Julai 1992, serikali ya Rwanda na waasi wa RPF walizungumza chini ya usuluhishi wa Tanzania, na tarehe 4 Agosti 1993 Rais Habyarimana na Alexis Kanyarengwe, mwenyekiti wa RPF, wakatia saini. Mkataba ulikuwa na kila kitu: kugawana madaraka, kuunganisha majeshi, kurudisha wakimbizi. Chama cha CDR, cha Wahutu wenye msimamo mkali, hakikupewa nafasi katika serikali ya mpito. Wasuluhishi walibishana sana kuhusu hilo: ni salama zaidi kuwa nao ndani au nje? Miezi minane baadaye mauaji ya kimbari yalianza. Siamini kwamba kuwaingiza CDR kungeyazuia. Lakini kwa muda wote wa mazungumzo, watu wenye uwezo wa kuuchana mkataba walikuwa nyumbani wakijiandaa. Jengo lilelile baadaye likaihifadhi Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, hadi ilipofungwa mwisho wa 2015. Mtu anayesomea diplomasia asimame hapa, akumbuke kwamba saini na kesi vilipita katika mji mmoja.

Mazungumzo ya Burundi yalianza hapa Arusha Juni 1998, Mwalimu Nyerere akiwa msuluhishi. Alipofariki Oktoba 1999, Mandela akapokea kijiti. Yaliendeshwa tofauti: kamati ziliundwa, na moja ilipewa kazi ya kujadili asili ya mgogoro wenyewe, jambo ambalo mabalozi wa zamani wangeliona kuwa ni la wanahistoria. Kinachonigusa zaidi ni wanawake wa Burundi. Mwanzoni hawakuwa na kiti. Walikuja hata hivyo, wakawasubiri wajumbe kwenye korido, wakawashawishi mmoja mmoja, hadi Julai 2000 ukafanyika mkutano wao hapa Arusha, na mapendekezo yao mengi yakaingia kwenye mkataba wa tarehe 28 Agosti 2000. Kwangu mimi, badiliko kubwa katika kazi hii tangu enzi ya Rindi ni hilo.

Nje ya lango nilizungumza na kijana anayesoma Chuo cha Diplomasia, Kurasini, kile kilichoanzishwa 1978 na Tanzania pamoja na Msumbiji. Ulaya ya zamani, kijana wa ukoo bora aliijifunza kazi hii kwa kukaa na balozi, akinakili barua zake. Huyu anasoma itifaki, sheria, usuluhishi, na diplomasia ya uchumi ambayo sera yetu ya mwaka 2001 iliitilia mkazo. Nikamsimulia habari za Rindi. Hakuwahi kumsikia darasani, na nilisikitika, maana Mkataba wa Vienna wa 1961 unaolinda mabalozi anaujua kifungu kwa kifungu.

Akaniuliza, "Sasa mwalimu, na wale wanaokataa kuja mezani, utawafanyaje?"

Nikamwambia aangalie Burundi hiyohiyo. Pande 19 zilitia saini mwaka 2000, ila makundi ya waasi ya CNDD-FDD na FNL, waliokuwa na bunduki msituni, hawakuwemo, na vita vikaendelea. Wasuluhishi waliendelea kuwafuata. CNDD-FDD walikubaliana na serikali mwaka 2003 huko Pretoria, na FNL wakasaini Dar es Salaam Septemba 2006, miaka sita baada ya Arusha. Kijana alitoa simu akaandika hiyo miaka yote miwili.