Siku moja maishani mwangu: naonja bia ya shambani, kaskazini mwa Ufaransa

Naamka saa kumi na moja alfajiri, Lille bado giza. Mswaki napiga kwa maji na chumvi tu, kwa sababu dawa ya meno yenye mnanaa hung'ang'ania ulimini hadi saa nne, na saa nne ndiyo saa yenyewe ya kazi yangu. Kahawa sigusi. Manukato sijipulizii. Nakula kipande cha mkate mkavu na maji ya uvuguvugu, navaa koti zito la Machi, natoka.

Mimi ni Mchagga wa Marangu. Kazi yangu ni ubora wa bia katika kiwanda kidogo kilichoko kwenye zizi la zamani, kijijini, si mbali na kilima cha Cassel. Tunapika bière de garde, yaani bia ya kuwekwa. Zamani ilikuwa bia ya wakulima wa huku: walipika majira ya baridi hadi mwanzo wa machipuko, wakaiweka kwenye ghala la chini lenye ubaridi, wakainywa kiangazi shamba linapowaka jua. Joto la kiangazi lilikuwa linaharibu pombe haraka, kwa hiyo ilibidi ipikwe mapema na isubiri. Jina lake limebeba huko kusubiri.

Treni inaniacha Hazebrouck, mwenzangu wa maabara ananipokea na gari. Njiani tunapita mashamba yenye nguzo ndefu na nyaya, bado matupu. Hapo ndipo hopsi, mmea wa kutambaa ambao maua yake huipa bia uchungu na harufu, itakapopanda ikifika Mei. Flanders ya Ufaransa bado inalima hopsi yake, ingawa sisi tunatumia pia Strisselspalt ya Alsace, ambayo harufu yake ni ya upole, majani na maua, haipigi kelele.

Saa moja na nusu nimeshavaa gambuti na niko chini ya tangi namba 2. Koki naifuta kwa spiriti, naipitisha moto wa gesi, kisha namwaga glasi nzima ya kwanza kabla ya kuchota sampuli. Nimeona watu wakiruka hatua hiyo halafu wakailaumu bia kwa uchafu wa koki. Tangi namba 2 limekaa kwenye ubaridi wiki sita. Hidromita, kipimo cha uzito wa bia ukilinganishwa na maji, inasoma 1.010, lilianza 1.064 kabla hamira haijala sukari, kwa hiyo kileo ni kama asilimia 7. Tangi namba 4 ni changa, siku kumi na mbili tu, bado lina joto la kuchachuka, na leo ratiba inasema lianze kupozwa. Nachota na hilo.

Kuanzia saa mbili na nusu nafanya kipimo ninachokithamini kuliko mashine zote humu ndani. Sampuli ya tangi namba 4 naigawa kwenye chupa mbili zenye vifuniko. Moja inakaa ndani ya maji ya nyuzi 60 kwa nusu saa, nyingine inabaki pembeni. Baadaye zote mbili napoza hadi zilingane, nafungua, nanusa kwa pumzi fupi fupi. Hamira inapofanya kazi huacha kitu ambacho baadaye hugeuka kuwa diasetili, harufu ya siagi. Hamira hiyo hiyo, ikipewa muda na joto, hurudi ikaila. Lakini kwenye bia changa kitu hicho hujificha: unanusa, huoni kosa, unapoza, hamira inazama na kulala, halafu mwezi mmodi baadaye siagi inajitokeza ndani ya chupa ya mteja. Moto wa nyuzi 60 unakilazimisha kijitokeze mapema.

Chupa ya baridi: mkate, majani, safi. Chupa ya moto: bisi zilizokaangwa kwa siagi. Nikarudia mara tatu, nikatoka nje kupumua hewa ya baridi, nikarudia tena. Siagi ipo.

Sikusema kitu. Mwonjaji akiambiwa atafute siagi ataipata hata kwenye maji.

Saa nne tunakaa wanne kwenye chumba cha kuonjea, madirisha wazi, jikoni pamefungwa. Kwanza ni pembetatu: kila mtu anapewa glasi tatu zenye namba za ovyo, mbili zina bia ya aina moja na moja tofauti. Kazi ni kuitaja iliyo peke yake. Leo tunalinganisha tangi namba 2 na chupa za mpiko uliopita. Kwa kubahatisha tu una nafasi moja kati ya tatu, kwa hiyo mtu mmoja akipatia si ushahidi. Wote wanne wakipatia, jua bia imebadilika. Wawili wamepatia, wawili wamekosa. Inatosha kutuambia kwamba hatujapotea njia, tutarudia kesho.

Halafu tangi namba 2 lenyewe, peke yake, kwenye glasi ya tumbo pana, nyuzi 10. Hapa ndipo ningependa msomaji wangu akae nami mezani.

Rangi ni ya dhahabu iliyoiva, kama asali ya nyuki wadogo ukiishika dhidi ya jua. Povu ni jeupe, zito, linashika ukuta wa glasi kila unapoinamisha. Kwenye karatasi yetu ya alama 50, mwonekano una alama 3 tu, na nakubaliana na hilo kabisa. Bia nzuri ya macho imewadanganya wengi. Harufu ina 12, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na maoni ya jumla 10.

Nafunika glasi kwa kiganja, nazungusha, nafunua, nanusa. Ganda la mkate linapotoka tanuri. Asali kwa mbali. Nyuma yake nyasi kavu. Natafuta mahindi ya kuchemsha, ambayo yangeniambia kwamba maji ya kimea hayakuchemshwa vya kutosha: hayapo. Natafuta karatasi iliyolowana, dalili ya hewa kuingia: haipo. Nikionja, utamu wa kimea unatangulia, unajaza katikati ya ulimi kwa unene wa uji mwembamba, halafu unaaga. Hauachi sukari kwenye meno. Uchungu wa hopsi ni wa kuweka mizani tu, na asilimia 7 inakuja kama joto kifuani, haichomi koo. Namna utamu ule unavyoaga ndiyo roho ya bia hii. Ukibaki, una sharubati yenye kileo. Ukikosekana tangu mwanzo, umevuka mpaka na kuingia kwenye saison ya Wabelgiji, ambapo hamira hutawala kwa pilipili na limau na bia hukauka kabisa. Watu huzichanganya hizi mbili kwa sababu zote ni za mashambani na mpaka uko karibu. Kwetu msemaji mkuu ni kimea, hamira hukaa kimya.

Mwenzetu mmoja akaniuliza mbona hatupati ile harufu ya ghala na kizibo, ambayo wageni wanaitaja kuwa ndiyo alama ya bia hizi. Nikamjibu ninavyoamini: ile ni harufu ya chupa iliyosafiri mbali na kuzeeka vibaya. Kuna wanaoipenda na siwazuii. Kwenye karatasi yangu naiandika kasoro.

Tangi namba 2 limepata alama 41 kwa wastani. Limepita.

Kisha nikawapa zile chupa mbili za tangi namba 4 bila kuwaambia kitu. Watatu kati ya wanne, pamoja na mimi, waliandika siagi kwenye chupa ya moto. Bosi wetu ndiye wa nne. Aliandika "karameli", akavua miwani, akanitazama. Ana oda ya Pasaka, ana mpiko mwingine unaosubiri tangi lile lile, na lita 2,000 haziwezi kukaa uani. Namwelewa, mishahara yetu inatoka humo humo. Lakini nilimwambia tukipoza leo tumeifungia siagi ndani, na baada ya hapo hata wiki nane za ubaridi hazitaitoa, kwa kuwa hamira yenyewe itakuwa imelala. Nikaomba siku nne, joto lipande nyuzi mbili. Akanusa tena ile chupa ya moto, mara hii akakaa nayo muda mrefu. Mwishowe akachukua chaki akaandika kwenye ubao wa tangi: Jumatatu.

Chakula cha mchana ni carbonade, nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu ndani ya bia, na baadaye jibini ya Maroilles, ambayo harufu yake inaingia hadi kwenye sweta. Ndiyo maana huliwa baada ya kuonja. Kipande cha Maroilles na glasi ndogo ya tangi namba 2: chumvi ya jibini inavuta utamu wa kimea juu, na ukavu wa mwisho unasafisha mafuta. Ukifika Ufaransa ya kaskazini, ukapata 3 Monts ya Saint-Sylvestre-Cappel, asilimia 8.5, au Blonde d'Esquelbecq ya Thiriez, jaribu hivyo hivyo. Jenlain ya familia ya Duyck, waliokuwepo tangu 1922, ndiyo iliyolitangaza jina la bière de garde duniani, ila ile maarufu ni ya rangi ya kaharabu, kimea chake kina ladha ya karameli zaidi.

Mchana ulikuwa wa mipira ya maji, soda ya kusafishia na kujaza daftari. Saa kumi na mbili jioni nikawa kwenye treni.

Nikampigia bibi Marangu, huko ni saa mbili usiku. Bibi alipika mbege miaka yote niliyokua nyumbani: ndizi zilizoiva, zikachemshwa na kuachwa, kimea cha ulezi, na gome la msesewe kwa uchungu, kazi ile ile ambayo huku inafanywa na hopsi. Kabla ya mtu yeyote kupewa kata alikuwa anaonja yeye kwanza, amefumba macho. Neno kimea nililijua kwenye mikono yake, yenye unga wa ulezi hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Pombe yenu imeiva?"

"Moja imeiva. Nyingine bado, ina harufu ya siagi."

"Na huyo mzungu wako kasemaje?"

"Kakubali kungoja hadi Jumatatu."

"Haya. Mmeifunika vizuri?"

Nikamwambia tumeifunika. Akaniuliza kama baridi imepungua, nikamwambia bado.