Watoro wa Rabai na vijana wa maskani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nzima jina moja halijanitoka akilini: William Jones. Sisi tuliokulia kanisani hapa Pwani tunamjua mmisionari Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, akamzika mke wake na mtoto mchanga mwaka huohuo. Tunamjua mwenzake Rebmann aliyekaa kwetu miaka 29 bila kurudi kwao mpaka akapofuka macho. Jones hatukufundishwa. Nami nilipozunguka makumbusho ya Rabai, ile misheni ya kale karibu na Mombasa, juzi na kikundi cha akina mama, niliona kwamba yeye ndiye ninayemhitaji sasa kuliko wote.

Jones alikuwa mtoto wa bara aliyetekwa na kuuzwa. Manowari ya Waingereza ilimwokoa baharini, akapelekwa Bombay, akalelewa na kufunzwa kazi katika misheni kule India. Mwaka 1864 alirudi Afrika akiwa kijana, akatumwa Rabai. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimwekea mikono kuwa shemasi, kisha wakashika njia ya Uganda pamoja. Askofu aliuawa Busoga. Jones, aliyekuwa ameachwa nyuma na sehemu kubwa ya msafara, ndiye aliyewarudisha wapagazi hadi Rabai.

Lakini lililonigusa zaidi ni habari ya watoro. Watumwa waliokimbia mashamba ya pwani walikuwa wakipanda Rabai kutafuta hifadhi, na wakubwa wa misheni walikuwa wamekataza wasipokelewe. Waliogopa ugomvi na wenye watumwa, na hofu yao ilikuwa na sababu: mwaka 1883 David Koi, aliyewaongoza watoro wa Fuladoyo, makazi yao mengine,, alikamatwa akauawa. Hata hivyo Jones aliwapokea. Wakajenga, wakalima, wakazaa, wakajifunza sala. Mambo yalipofichuka mwaka 1888, wenye watumwa wakaja juu, na kwa muda ikaonekana kama pwani yote itawaka. Ndipo George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza akapatana nao walipwe fidia, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikagawiwa Rabai. Waliozipata walizidi 1,400.

Nimejiuliza kwa nini wamisionari waliotoka Ulaya, watu waliompenda Mungu kweli, walisitasita pale ambapo Jones hakusita. Jibu langu ni hili: Jones alijua mwenyewe kulala chini ya sitaha ya jahazi. Mtoro aliposimama mlangoni, Jones hakuhitaji kuelezwa. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba Mungu hutufariji katika dhiki zetu ili nasi tuweze kuwafariji walio katika dhiki. Nimesoma mstari ule tangu nikiwa darasa la katekisimu, lakini Rabai ndiko nilikoona unavyofanya kazi.

Wanaonifuata hapa wanajua huduma yetu ya maskani, yaani vijiwe vya watumiaji wa dawa za kulevya. Tunapika uji, tunabeba maji safi, bandeji na dawa ya vidonda, tunakwenda kukaa na vijana waliofungwa na unga, yaani heroini. Wengine wananusa, wengine wanajidunga. Hatuwahubirii kwanza. Tunawauliza majina yao, na hilo peke yake huwatoa machozi wengine, kwa kuwa mtaani wanaitwa mateja tu.

Mmoja wao ameokoka. Arosto, yale maumivu ya kuacha unga, ilimtesa, akashindwa, akarudi maskani, akatoka tena. Sasa kila asubuhi anakwenda kliniki kunywa methadoni, dawa ya kutuliza arosto, na jioni anakuja kwenye ushirika. Ameomba jambo moja: ashike sufuria ya uji, awe upande wetu tunapokwenda kule alikotoka. Kanisani kwetu limekuwa neno kubwa. Kuna wazee wanaosema asubiri hadi aaminike. Kuna wapendwa wanaouliza, ikiwa kweli ameokoka, kwa nini bado anakunywa dawa?

Hili la dawa nalisema kwa uchungu. Mama mwenye kisukari anashuhudia madhabahuni na sindano ya insulini iko kwenye mkoba wake, na hakuna anayemuuliza kama wokovu wake umekamilika. Methadoni inampa kijana huyu asubuhi isiyo na maumivu, akaweza kuomba, akaweza kula, akaweza kumtazama mama yake usoni. Kwangu mimi huo ni mkono wa Mungu, nami sitauonea haya.

Kuhusu kusubiri, nawaheshimu wazee wetu. Wanaogopa kwamba pale maskani atavutwa tena, na hatari hiyo ipo. Hatutampeleka peke yake wala hatutampeleka siku ambayo ameamka vibaya. Ila nawaomba wakumbuke Mnyika (leo tungesema Mmijikenda) wa kwanza kubatizwa Rabai alikuwa nani. Aliitwa Mringe, mtu mlemavu, masikini, aliyebatizwa akiwa mgonjwa akafariki muda mfupi baadaye. Krapf alikuwa amesafiri kutoka Ulaya akiota makanisa kuvuka bara zima la Afrika, na Mungu akampa Mringe. Tungekuwa sisi kwenye kamati, sidhani kama tungempitisha.

Jumapili baada ya ibada kamati itakaa. Nimeomba nafasi ya kusema, na nitaanza na Jones kabla sijataja jina la kijana wetu. Mnaoniombea mimi, mwombeeni yeye zaidi. Kliniki anamaliza mapema, kazi hana, na saa zile za kutwa mpaka wakati wa ushirika ndizo zinazomshinda. Kama una duka, shamba, gereji au hata ua wa kufagiwa, niandikie.