Daftari la madeni lililoninyima usingizi

Shangazi yangu ana duka Busia, upande wetu wa Uganda. Mumewe alipofariki aliacha daftari la madeni lisilosomeka: tarakimu ziko wazi, lakini maneno yote kayafumba, kila herufi kaibadilisha na nyingine.

“Mwanangu, si wewe unasomea kompyuta? Hebu nitazamie.”

Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Nikaanza na mtindo wa Kaisari, kusogeza alfabeti nzima hatua 1 hadi 25. Wapi! Basi kila herufi ilikuwa na njia yake, na kwa herufi 26 funguo zinazowezekana (ufunguo ni orodha ya herufi ipi imewekwa badala ya ipi) zinapita 4 yenye sifuri 26 nyuma yake. Kuzijaribu moja moja ni kujisumbua, hata upewe kompyuta zote za Kampala.

Mbinu ya kuhesabu herufi aliieleza mwanazuoni Al-Kindi kule Baghdad karne ya 9: herufi inayojirudia sana kwenye fumbo huenda inasimama badala ya ile inayojirudia sana katika lugha. Mimi nikaiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Ujinga wangu ni kwamba nilitumia jedwali la Kiingereza, ambamo e ndiyo inaongoza, na mzee wa watu kaandika Kiswahili! Kwetu a ndiyo mfalme, q na x hazipo, c haitembei bila h, na karibu kila neno linaishia na vokali. Nikakusanya maandishi ya Kiswahili, nikahesabu upya, safari hii kwa vikundi vya herufi nne nne. Kurasa za daftari nikaziunganisha zote, maana ukurasa mmoja ni mfupi mno.

Programu yenyewe si ndefu. Inashika ufunguo wa kubahatisha, inabadilishana herufi mbili, inayapa maandishi alama kadiri yanavyofanana na Kiswahili. Alama zikipanda, badiliko linabaki, zikishuka, linafutwa. Alama hizo ni jumla ya logi (logarithm za hesabu) za uwezekano wa kila kikundi, na hapo nikakwama siku mbili: kikundi ambacho sikuwahi kukihesabu kina sifuri, logi ya sifuri haipo, programu inaanguka. Nikavipa vikundi hivyo thamani ndogo sana, ikatulia. Kisha ikawa inapanda kichuguu na kudhani imefika kileleni mwa Mlima Elgon. Dawa yake ni kuianzisha upya mara nyingi, kila mara na ufunguo mwingine.

Usiku wa tatu, umeme umekatika na betri iko ukingoni, nikasoma: “unga kilo mbili atalipa ijumaa”. Nilipiga kelele, jirani akagonga ukuta.

Lakini maneno machache yaligoma. Moja lilianza na s mbili, jambo ambalo Kiswahili hakina: “ssukaali”. Nilihisi ufunguo una kosa, nikampelekea shangazi alivyo. Akacheka hadi machozi.

“Hiyo sukari! Alikuwa anaifuata Lugazi, kwa Waganda, na akirudi kutoka huko Kiganda hakimtoki mdomoni.”

Tulipofika kwenye majina ya wadaiwa hakucheka tena. Aliomba kalamu.