Mchicha wangu wa Birmingham umetoka Jamaika

Wale mnaolalamika kiangazi kizima sipokei simu wikiendi, jibu ni moja, nipo shamba. Ndiyo, huku huku Birmingham, Uingereza. Kuna sheria ya mwaka 1908 inayozitaka halmashauri ziwape wananchi vipande vya kulima, alotimenti wanaita, na hapa Birmingham tu kuna maeneo ya hivyo zaidi ya 100. Kipande kamili ni kama mita za mraba 250, unalipa kodi ya mwaka. Ila foleni yake acheni kabisa, mimi nilijiandikisha nikiwa na mimba, nimekuja kupewa nusu kipande mtoto ameshaanza shule.

Mimi nilifuata mchicha, sitaki kudanganya. Spinachi ya supamaketi ukiiweka kwenye sufuria inayeyuka yote, huna hata cha kutafuna. Shida ikawa mbegu, maana huwezi kumwambia mama akufungie kwenye leso, mbegu za kupanda kutoka nje zinatakiwa ziwe na cheti cha afya ya mimea. Sasa jirani yangu shambani ni mama mmoja wa Kijamaika, mtu mzima, mstaafu, nafika naona kwake mchicha umesimama hadi kifuani nikapiga yowe. Akacheka weee, akasema za kupika chuma leo, za kupanda njoo vuli.

Kumbe ana maana yake. Mchana wa huku Juni unafika masaa 16 na ushee, na mchicha unachelewa kutoa maua mpaka siku zianze kufupika, kwa hiyo majani unayala muda mrefu, raha tupu, lakini ukitaka mbegu uache miche kadhaa ndani ya banda la nailoni ikomae kabla baridi haijaiua. Mbaazi zetu zile za kienyeji ndiyo hasara kabisa, zinarefuka tu, zikija kutaka kuchanua baridi hii hapa. Basi vuli tukakausha masuke, tukafikicha, tukapeta kwenye trei ya oveni maana ungo nani anao, nikarudi na mbegu za kutosha mtaa mzima.

Hapo ndiyo nikaelewa pale mambo yanavyokwenda, kila mtu ana kitu na kila mtu anadaiwa. Baba mmoja wa Kibangladeshi ana kichanja cha mung'unye kikubwa kuliko sebule yangu, anagawa miche kila Mei. Wazimbabwe wana mahindi meupe. Mzee wa Kiingereza ana viazi, maharage na koneksheni ya mbolea ya farasi, halafu anapanda maboga ya wajukuu kuchonga Halloween na majani ANATUPA. Msusa! Nikamwomba, akadhani nafuga sungura. Nikampelekea bakuli umeungwa na karanga, kesho yake huyo kaja kuuliza zile nyuzi zinamenywaje. Kwenye fleti jirani wa juu yangu namjua kwa sauti ya choo tu, lakini huyu mzee nikisafiri ananimwagilizia bila kuombwa.

Mnavu ndiyo tumeshindwana. Unajiotea wenyewe kama gugu na wao wanaung'oa kwa hofu, kwa sababu una ndugu yake mwenye sumu kali, yule wa maua ya zambarau kama kengele na tunda moja moja jeusi linalong'aa, wakati mnavu una maua meupe na vitunda vya vichala. Simlazimishi mtu, na nyie msiokote porini kama hamna uhakika.

Kuna shirika hapa jirani na Coventry linaitwa Garden Organic, wana maktaba ya mbegu za asili na waliwahi kuwa na mradi wa Sowing New Seeds, wakaenda kwa wahamiaji wanaolima huku Midlands, yaani katikati ya Uingereza, kukusanya mbegu na maarifa yao. Nimependa sana hiyo, maana hawa wazee wakiondoka na mbegu zao hazipo dukani.

Sasa ombi. Natafuta mgagani, mbegu ambayo tayari ipo humu humu Uingereza. Kuna dada Leicester niliambiwa anao ila hapokei simu, na kwa kiangazi hiki namwelewa. Mwenye nao aniambie, mchicha ninao wa kubadilishana, na mbolea ya farasi mkija na gari.