Ndoo mbili, koki moja na makapi ya Ahero

Wanaopika bia nyumbani huhangaikia matundu ya chujio, kumbe matundu hayachuji. Kinachochuja ni maganda ya nafaka yakishajilaza juu yake. Shayiri ina maganda ya kutosha. Mtama na wimbi hazina, na hapo ndipo kazi inapoanza kwa sisi wa Kisumu.

Kutengeneza chujio, tafuta ndoo mbili za lita 20 zinazoingiana, zile za mafuta ya kupikia zinazouzwa soko la Kibuye. Ndoo ya rangi ya nyumba usiiguse, hata uisugue wiki nzima. Ya kwanza itoboe kitako kizima kwa drili ya milimita 3, ukiacha sentimita moja kati ya tundu na tundu, kisha ukwangue nyuzi za plastiki kwa kisu. Ya pili itoboe ubavuni, chini kabisa, ufunge koki ya nusu inchi kwa washa za silikoni. Mpira wa kawaida hunuka ukikutana na maji moto. Kabla ya kutoboa, ingiza ndoo moja ndani ya nyingine upime nafasi kati ya vitako. Nati ya koki ikizidi nafasi hiyo, ndoo ya juu itakaa upande.

Kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, kisagwe kwa mashine ya mkono, kila punje ipasuke vipande vitatu au vinne. Mashine ya posho itakupa unga, na unga ukilowa ni gundi.

Kwa kilo 4, nusu shayiri nusu mtama, ongeza gramu 400 za makapi ya mpunga, yashike nafasi ya maganda ambayo mtama hauna. Vinu vya Ahero vinayo tele. Omba makapi magumu, si pumba laini ya ng'ombe. Yachemshe, umwage maji yake, ndipo uchanganye.

Usichuje kabla ya kupima wanga: tone la uji (kimea kilicholowekwa kwa maji moto) kwenye sahani nyeupe, tone la ayodini juu yake. Likigeuka jeusi, ngoja. Wanga uliobaki hunata. Tone hilo limwage.

Ndoo ya matundu ikiwa ndani ya ile ya koki, kwanza jaza maji ya nyuzi 75 mpaka yapande kidogo juu ya matundu, ndipo umimine uji taratibu. Maji hayo huuzuia usishindiliwe chini. Funika ndoo kwa blanketi dakika 15. Fungua koki robo tu, urudishe juu lita 2 au 3 za mwanzo hadi zitoke bila chembe. Halafu nusu lita kwa dakika, basi. Suuza kwa lita 10 za nyuzi 75. Ukipita 77, maganda huanza kutoa ukakasi.

Koki ikianza kudondoka tone tone, usiifungue zaidi: mvuto ndio ulioshindilia tabaka la nafaka. Ifunge, ongeza lita moja ya maji moto, koroga nusu ya juu tu, ngoja dakika 10. Kisha rudisha tena zile lita za mwanzo, maana zitatoka na vumbi upya.