Vijiji Vilivyoinua Mkono: Siku Tatu Glarus Süd

Treni ya Linthal huondoka stesheni kuu ya Zürich, ikalifuata ziwa mpaka Ziegelbrücke, kisha ikageuka kusini na kuingia bonde ambalo milima imelibana pande zote mbili. Nilikuwa na daftari dogo, na nilikuwa nimejipa kazi moja: kuandika jina la kila kijiji nitakachokipita. Näfels, Netstal, Glarus, Ennenda. Baada ya Ennenda nikapiga mstari chini ya jina hilo, kwa sababu hapo mbele ndipo inapoanza manispaa niliyoifuata.

Inaitwa Glarus Süd, yaani Glarus ya Kusini. Usisikie manispaa ukafikiria maghorofa na taa za barabarani. Ni kilomita za mraba 430 hivi za malisho, misitu, barafu na mawe, na watu wanaoishi humo hawafiki 10,000. Ukienda mpaka mwisho wa bonde unauona Tödi, mlima wa zaidi ya mita 3,600. Manispaa yenyewe, kwa jina hilo, ilizaliwa tarehe 1 Januari 2011. Kabla ya siku hiyo kila kijiji kilikuwa na uongozi wake, hazina yake na mambo yake.

Jinsi ilivyozaliwa ndiko kulikonivuta. Glarus ni jimbo dogo la Uswisi ambalo mpaka leo wananchi wake hukutana uwanjani Jumapili ya kwanza ya Mei, wakapitisha sheria kwa kuinua mikono. Mkutano huo unaitwa Landsgemeinde. Mwaka 2006 serikali ya jimbo ilipeleka pendekezo: manispaa 25 zipunguzwe ziwe 10. Pale uwanjani raia yeyote mwenye kura anaweza kuomba kusema, na mmoja akaomba. Akasema kumi bado ni nyingi, zibaki tatu. Mikono ikainuliwa, kadi za rangi juu, na tatu zikashinda. Waliokuwa wakitawala walirudi nyumbani wakiwa na mabadiliko makubwa kuliko waliyoyaomba wenyewe. Kuna waliodhani watu wamepitiwa, wakadai shauri lirudiwe. Novemba 2007 ukaitishwa mkutano wa dharura, na wananchi wakasema vilevile: tatu.

Niliisoma habari hiyo miaka kadhaa iliyopita na sikuweza kuiacha, kwa sababu ya babu yangu. Yeye alikuwa Msukuma wa Shinyanga, mwenye mji wake uliozungushiwa minyaa, ng'ombe katikati, jirani wa karibu umbali wa kuitana kwa sauti. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Mwaka 1974 lori likasimama mbele ya minyaa ya babu. Yeye na bibi walipakiwa pamoja na vyungu, kinu na kuku, wakashushwa kwenye uwanja uliopimwa kwa kamba, pamoja na kaya nyingine zilizotoka huku na huko. Huduma zilikuja kweli: shule ambayo mama yangu alisoma iko pale mpaka leo, na mimi ni matunda yake. Lakini babu hakuulizwa. Mpaka anakufa alikuwa akisema "kule kwetu" huku akionyesha kwa kidevu upande wa magharibi, akiwa ameketi mlangoni pa nyumba aliyoishi zaidi ya miaka thelathini. Nilitaka kuwaona watu walioulizwa.

Nilishuka Schwanden, mahali mito miwili, Linth na Sernf, inapokutana. Hapo bonde linagawanyika: la Linth wenyeji huliita bonde kubwa, na la Sernf huliita bonde dogo. Nilipanda basi la bonde dogo. Kuanzia 1905 mpaka 1969 njia hii ilikuwa na reli ndogo ya umeme, na ukitazama kwa makini unaona pembeni mwa barabara vipande vya ardhi tambarare vilivyonyooka mno kuwa vya asili. Jirani yangu kwenye kiti, mzee mwenye mikono mikubwa, ndiye aliyenionyesha. Nilipomwuliza kama anatoka Glarus Süd alinitazama kidogo, kisha akasema: "Natoka Engi." Alitamka taratibu, kama mtu anayemsahihisha mtoto bila kumkaripia.

Na Engi ndiko alikoshuka. Juu ya kijiji hicho kuna machimbo ya jiwe jeusi linalopasuka kwa tabaka, yaliyofanya kazi mpaka 1961 na sasa ni ya kutembelewa tu. Jiwe hilo ndilo lililokuwa likichongwa vibao vya kuandikia vya wanafunzi, likasafirishwa mbali sana. Niliokota kipande kando ya njia, kimepasuka chenyewe, chembamba kama biskuti. Nikaandika jina langu kwa ncha ya kokoto. Lilitokea kwa weupe ulio wazi kabisa, nikalifuta kwa mate na kidole, na jiwe likabaki jeusi kana kwamba halijawahi kuguswa.

Jiwe hilo hilo liliwaua watu huko mbele. Elm, kijiji cha mwisho, walichimba chini ya mlima wao bila kuuachia nguzo za kutosha. Jumapili ya tarehe 11 Septemba 1881, baada ya mvua nyingi, mlima ukashuka. Watu 115 walikufa. Wengine walikuwa wamekwenda kusaidia wenzao wa maporomoko ya kwanza, yakawakuta ya pili na ya tatu. Kanisani wameandikwa majina yao. Nilisimama mbele ya orodha ile muda mrefu, nikaona majina ya ukoo yaleyale yakirudi na kurudi, na jioni hiyo nikayakuta tena kwenye milango ya nyumba.

Elm ni nyumba za mbao zilizokolezwa na jua mpaka zikawa rangi ya kahawa, na madirisha madogo yaliyopangwa mstari. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane aliyevuka miaka sabini. Kijerumani changu ni cha darasani na lahaja ya kwao ni ngumu, kwa hiyo alizungumza nami polepole, kwa Kijerumani cha vitabuni, huku akinikatia mkate. Aliweka mezani jibini la kijani linaloitwa Schabziger, gumu kama chaki, linalokunwa juu ya siagi. Harufu yake ni ya majani makali, na kweli hutiwa majani yanayofanana na uwatu. Wenyeji wanalitengeneza kwa kanuni iliyowekwa mwaka 1463. Nilikula vipande vitatu.

Nikamwuliza kama alikuwepo uwanjani mwaka 2006. Alikuwepo.

"Niliinua mkono kukataa," akasema. "Mume wangu, aliyesimama karibu yangu hivi, aliinua kukubali."

Walirudi nyumbani pamoja kwenye basi, na aliniambia kwamba mpaka Schwanden hawakusemeshana. Hoja za mumewe alizijua na alinieleza kwa haki kabisa, kuliko hata zake. Vijiji vilikuwa vidogo mno. Kila kiti cha uongozi kilitaka mtu, na watu hawakupatikana. Mmoja alikuwa ameshika barabara, maji na makaburi kwa miaka, na kila akitaka kupumzika hakuna wa kumpokea. Hesabu za baadhi ya vijiji zilikuwa mbaya. Halafu juu ya manispaa zenyewe kulikuwa na vyombo vingine, vya shule, vya kuwatunza maskini, na vya wazawa wenye haki ya misitu na malisho. Hivi vya wazawa huitwa Tagwen, neno lenye asili ya kazi ya siku, ile siku ambayo kila mtu alipaswa kutoka akafanye kazi ya wote. Nilimwambia kwetu tunaita msaragambo. Akanitaka nilirudie neno hilo, akalitamka mara mbili, akacheka kwa furaha.

"Na wewe ulikataa kwa nini?"

Alifikiri. "Zamani, nikiwa na shida na maji, nilimpata mwenyekiti dukani. Alinunua mkate, mimi nilinunua mkate, tukaliongea. Sasa anayeamua habari ya bomba langu anaweza kuwa mtu mwema sana ambaye hajawahi kulala Elm usiku wa theluji."

Nikamwuliza kama bado ana uchungu. Akasema hapana, na akaniambia sababu ambayo nimeibeba mpaka leo: siku ile alihesabiwa. Alishindwa akiwa amesimama, mkono wake uko juu, na jirani zake wote wanauona. Akakusanya makombo ya mkate kwa kiganja, akayatia kwenye sahani, akainuka kuzima jiko.

Nilikuwa nimeipanga safari iangukie mwisho wa Septemba kwa sababu maalumu. Juu ya Elm kuna safu ya vilele, na chini ya vilele hivyo kuna tundu lililotoboka mlima mzima. Linaitwa Martinsloch. Wanasimulia kwamba jitu lilikuja kutoka upande wa pili kuiba kondoo, na mchungaji Martin akalirushia fimbo yake, ikalikosa ikatoboa mwamba. Ukitazama vilele hivyo unaona pia mstari ulionyooka kama uliochorwa kwa rula: juu yake mwamba wa kale sana, chini yake mwamba wenye umri mdogo zaidi kwa mamilioni mengi ya miaka. Mlima mzee ulisukumwa ukapanda juu ya kijana. Eneo hilo UNESCO imeliweka kwenye urithi wa dunia tangu 2008.

Mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwisho wa Septemba, jua la asubuhi hupita ndani ya tundu lile na kuliangukia kanisa la Elm. Tarehe 30 tulisimama nje watu kama arobaini, na wingu likakaa pale pale juu ya vilele bila huruma. Tarehe 1 Oktoba anga ilikuwa safi. Kijiji kizima kilikuwa bado kivulini, nyasi zina umande mzito, pumzi zinaonekana. Saa tatu na nusu hivi tundu likajaa mwanga. Kwanza ilikuwa nukta tu, halafu mwali mrefu ukashuka kupitia ukungu, mnene, unaonekana pande zake, ukalishika kanisa na sisi tuliokuwa chini yake. Niliuona mkono wangu ukiwa wa dhahabu na ng'ombe hatua chache kutoka hapo bado yuko gizani. Mtoto mmoja alikuwa akikimbia ili abaki ndani ya duara la mwanga, kwa maana lilikuwa likisogea. Kisha likazimika. Tukarudi kivulini, na baadaye kidogo jua likapanda juu ya ukingo wa milima kama siku zote. Elm jua huchomoza mara mbili siku hizo.

Adhuhuri nilirudi Schwanden kuona jambo jingine, lisilo zuri. Tarehe 29 Agosti 2023 matope na magogo yalishuka kutoka kwenye korongo linaloitwa Wagenrunse, yakaingia mtaani na kuvunja nyumba. Takriban watu 100 walilazimika kuhama, na wapo ambao hawatarudi tena. Sikupiga picha. Nilisimama mbali, nikatazama kovu la kijivu kwenye msitu linavyoteremka mpaka yalipo makazi. Mama wa Elm alikuwa ameniambia usiku ule: kama Schwanden ingekuwa peke yake, mzigo huo ingeubeba vipi? Alisema hivyo yeye aliyekataa. Nadhani mumewe angefurahi kumsikia.

Kabla ya kuondoka nilipanda Braunwald kwa reli ya kamba iliyojengwa 1907. Kijiji kizuri kisicho na magari, na chenyewe ni sehemu ya manispaa ileile, lakini ukiwa pale juu Elm iko nyuma ya milima na huioni. Ndipo nilipoelewa ukubwa wa walichokifanya watu hawa, kuifunga Elm na Braunwald kwenye mfuko mmoja.

Treni ya kurudi ilianzia Linthal nikiwa na daftari wazi. Vibao vya stesheni havijabadilishwa: Rüti, Leuggelbach. Vingine vina majina mawili yaliyofungwa pamoja kwa kistari, Diesbach-Betschwanden, Luchsingen-Hätzingen, Nidfurn-Haslen, kwa sababu reli ilijenga kituo kimoja kwa vijiji viwili. Nikayaandika yote.

Tulipopita Glarus nilimpigia mama simu. Baada ya salamu nikamwuliza kule kwa babu, kabla ya lori, palikuwa panaitwaje. Alinyamaza. "Ngoja," akasema, "nilikuwa mdogo." Nikamsikia akimwita kaka yake mkubwa kwa sauti, kuku wakilia nyuma, mjomba akijibu kutoka mbali kitu nisichokisikia vizuri, mama akimwambia rudia. Kisha akarudi kwenye simu.

"Isagala," akasema. "Ulikuwa mti mmoja mkubwa na sisi. Mjomba wako anauliza, unapaulizia nini?"

Nikamwambia nitamweleza nikifika. Nikaliandika jina hilo kwenye ukurasa uleule, chini ya Nidfurn-Haslen.